Kanzu Yenye Damu ya Uongo: Ushairi wa Aliyetoweka
Mhadhara wa wazi, Miritini, Mombasa



Mtu akifariki hapa Miritini, kila jirani anajua la kufanya. Turubai litafungwa, viti vitakodiwa, majirani wa Kiislamu wataharakisha maziko kabla jua halijatua, na majirani wa bara wataanza mchango wa kusafirisha jeneza. Mtu akitoweka, hakuna ajuaye la kufanya. Turubai haliwezi kufungwa, kwa sababu kulifunga ni kutangaza kifo ambacho hakuna aliyekiona. Jirani akija, hajui kama aseme pole au aulize habari. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba ushairi wetu wa Kiswahili umejikuta katika hali hiyo hiyo ya jirani mlangoni. Tunao ushairi mkubwa wa kumlilia maiti. Aliyetoweka tunamtungia kwa ushairi huo huo, na kwa kufanya hivyo tunamzika kabla ya ushahidi. Lakini turathi yetu ina njia nyingine ya kumtungia mtu asiyejulikana alipo, nayo tumeiacha kabatini.

Tuanze na ile tunayoitumia. Maombolezo ya mwambao yanakwenda sambamba na desturi ya msiba wenyewe. Msiba una mwanzo, una siku tatu za kukaa matanga, una hitima, una arubaini, na mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi ambayo mwisho wake unahesabika. Tungo nazo zinashika utaratibu huo: mshairi anamtaja Mungu, anataja siku ya msiba, anamsifu marehemu, anawausia waliobaki wasubiri, kisha anafunga kwa dua ya kumwombea kaburi lenye nafasi na nuru. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo kilele cha mtazamo huo, ingawa haimlilii mtu mmoja. Mshairi anasimama mbele ya magofu ya Pate, anauuliza moyo wake wako wapi matajiri waliokaa katika nyumba zile, na jibu analijua tangu mwanzo: wamo makaburini. Swali lake ni la kufundishia. Anauliza ili moyo uone, na moyo ukishaona, kazi ya utenzi imekwisha. Mwana Kupona naye, alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa anayejiandaa kuondoka, na kile alichokiacha ni wosia kamili wenye anwani ya mtoto. Hizi ni kazi za juu kabisa katika lugha yetu. Zote mbili zina kitu ambacho familia ya aliyetoweka haina, yaani uhakika wa kifo.

Angalieni sasa mtu anapotoweka bila maelezo. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa, lenye makao yake hapa Mombasa, lilitoa ripoti iliyokusanya visa 81 vya mauaji na kutoweka kwa watu katika ukanda wa Pwani kuanzia mwaka 2012, na jina la ripoti hiyo lilikuwa swali: tuziambie nini familia? Mwishoni mwa mwaka 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitaja visa 82 vya watu kutekwa au kutoweka katika nchi nzima tangu Juni mwaka huo. Nyuma ya kila hesabu kuna nyumba ambayo sheria na dini zote zinaitazama kwa kusitasita. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amekufa iwapo kwa miaka saba hakusikika na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, na hata hapo ni dhana inayoweza kupingwa. Katika fiqhi mtu huyu anaitwa mafqudi, na wanazuoni wametofautiana kuhusu mkewe: wamo waliosema angoje miaka minne kisha akae eda, na wamo waliosema angoje mpaka ipatikane yakini. Hayo ni maamuzi ya busara, na Kadhi anayeyatoa hana budi kuyatoa. Lakini tazameni yanavyomwacha mtoto. Mke anaweza kupata hukumu. Mali inaweza kugawanywa. Mtoto aliyekuwa na miaka minne baba alipotoka asubuhi na asirudi hapewi hukumu na mtu yeyote. Anakua na swali hilo, na siku moja anashika kalamu.

Pengine mtauliza kama ushairi wa kifungo haumtoshi mtoto huyo, maana Mombasa inao, tena mzito. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na tungo alizoziandika gerezani zilitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Dhuluma ile ilikuwa na mashtaka, hakimu, hukumu na jina la gereza, na ndiyo maana tungo zile zina uso wa kuzungumza nao. Mfungwa anajua nani amemfunga, na ndugu zake wanajua watume salamu wapi. Aliyetoweka hana gereza linalotajwa. Anayemtungia hana wa kumlaumu kwa hakika, wala hana pa kupeleka barua. Kwa hiyo sauti ya mfungwa, pamoja na ukuu wake, haiwezi kuazimwa na mtoto huyu.

Njia ninayosema tumeiacha iko katika kisa cha Nabii Yusufu, na katika tenzi zilizotungwa kwa Kiswahili juu ya kisa hicho. Utendi wa Yusuf umehifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu, na unajulikana pia kwa jina la baba, Utendi wa Yaakubu. Jina hilo la pili linaonyesha kwamba waliounakili walielewa utendi ni wa nani. Yusufu anapata kisima, safari, jela na ufalme. Yaakubu anabaki nyumbani na kungoja. Sura ya 12 ya Kur'ani inamweka baba huyo katika hali ambayo wazazi wengi wa pwani hii wangeitambua mara moja. Mtoto anatoka na kaka zake kwenda kucheza. Jioni wanarudi wakilia, wakisema ameliwa na mbwa mwitu, na wanaleta kanzu yenye damu ya uongo. Maelezo yapo, ushahidi upo, na mashahidi ni kumi. Yaakubu anakataa. Tafsiri nyingi husimulia kwamba aliitazama kanzu akaona haikuraruka, akastaajabu mbwa mwitu gani huyu amlaye mtoto asiiguse nguo yake. Kisha anasema atasubiri subira njema.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, maana neno la subira limetumiwa sana kuwanyamazisha wafiwa. Mtu anaambiwa asubiri, na maana yake anyamaze. Subira ya Yaakubu ina sura tofauti. Miaka inapita na bado anamtaja Yusufu kwa jina. Macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanamwambia hataacha kumkumbuka Yusufu mpaka akonde au afe, yaani wanamwambia yale ambayo kila familia ya aliyetoweka huambiwa baada ya muda: sasa basi, endelea na maisha. Anawajibu kwamba masikitiko yake anayashitaki kwa Mwenyezi Mungu, kisha anawaamrisha waende wakamtafute Yusufu na ndugu yake, wala wasikate tamaa. Subira, shitaka na msako vinakaa ndani ya mtu mmoja, tena nabii. Mshairi wa Kiswahili anayeambiwa kwamba kuuliza juu ya aliyetoweka ni kupinga kadari anayo sura nzima ya kujibia.

Najua pingamizi lililo zito zaidi hapa, na sitalikwepa. Yusufu alirudi. Wengi wanaotoweka hawarudi, na wengine wamepatikana wakiwa maiti mbali na nyumbani. Kumpa mtoto kisa cha Yusufu si ni kumpa tumaini la uongo, sawa na kanzu ile? Lingekuwa tumaini la uongo kama tungechukua mwisho wa kisa. Ninachosema tuchukue ni katikati yake. Yaakubu hakuusoma mwisho, sisi ndio tunaoujua. Katika miaka yote ya kungoja alikuwa na vitu viwili tu: ushahidi alioukagua akauona una kasoro, na ndoto ambayo mtoto wake alimsimulia akiwa mdogo. Shairi la aliyetoweka halina haki ya kuahidi kurudi, kama ambavyo halina haki ya kutangaza kifo. Linasimama pale aliposimama Yaakubu kabla ya habari kufika, na kusimama hapo kunahitaji ufundi mkubwa kuliko kulia.

Ufundi huo unaanza na kumbukumbu za utotoni. Tumezoea kuziona kama pambo, utamu wa kulainisha shairi kabla ya machozi. Katika ushairi wa aina hii ndizo ushahidi wenyewe. Ndoto ya Yusufu ilikuwa maneno ya mtoto yaliyowekwa na baba, na ndiyo iliyomzuia baba asikubali kanzu. Mwishoni, kabla ya msafara kufika, Yaakubu anasema anasikia harufu ya Yusufu, na waliomzunguka wanasema amepotoka kama zamani. Kitu kidogo cha mwili, harufu, kina nguvu kuliko ushahidi wa watu kumi. Mtoto wa Miritini anaweza kukumbuka rangi ya shati, mlio wa pikipiki nje ya mlango, kikombe cha chai kilichobaki nusu mezani, au kwamba siku ile hakupewa pesa za shule. Mshairi akikiweka kitu hicho kama kilivyo, bila kukifasiri, anamwachia msomaji kitu cha kukagua. Akikifunika kwa maneno tuliyoyazoea, kwamba taa imezimika, nguzo imeanguka, pengo halizibiki, amekwisha kutoa hukumu. Maneno hayo yote ni ya kifo. Yamekaa katika maombolezo kwa vizazi vingi, na msomaji wa Kiswahili akiyaona anainua mikono kuomba dua ya maiti kabla mshororo haujaisha. Ndiyo sababu nasema tungo nyingi za nia njema zimewazika watu ambao familia zao bado zinawatafuta.

Atasema mwingine kwamba kumbukumbu za mtoto haziaminiki, kwamba mtu wa miaka ishirini akiandika alichokiona akiwa na minne anajaza mapengo kwa mawazo. Ni kweli anajaza, na msomaji ana haki ya kujua wapi. Mshairi mwaminifu anatenganisha alichokiona mtoto na alichokuja kuambiwa mtu mzima. Shairi lina nafasi ya kufanya hivyo ambayo taarifa ya polisi haina, maana ubeti mmoja unaweza kuwa wa mtoto na ubeti wa pili ukawa wa mkubwa anayeutilia shaka wa kwanza. Mwanachuoni wa Marekani Pauline Boss, ambaye amechunguza kwa miongo kadhaa hali za familia zenye mtu aliyepotea bila yakini, anaeleza kwamba uchungu wao unatokana na kulazimika kushika mambo mawili kwa pamoja: mtu yupo na hayupo. Hospitali haijui kuuandika uchungu huo. Ubeti unajua, mradi mshairi asikimbilie kuchagua upande mmoja.

Nije kwenye umbo. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wapo wanaoamini kwamba maumivu yaliyovunjika yanataka shairi lililovunjika, lisilo na vina wala mizani. Sina ugomvi na mashairi huru, na zipo tungo huru za msiba zinazostahili heshima. Lakini kwa jambo hili naona shairi la arudhi, lile la mishororo minne na mizani 16, lina silaha ambayo shairi huru limeiweka chini. Silaha hiyo ni kibwagizo. Mshororo unaorudi mwisho wa kila ubeti bila kubadilika, huku mishororo iliyo juu yake ikibadilika, ndio umbo la kungoja lenyewe. Ubeti wa kwanza mtoto ana miaka minne, ubeti wa tano anaingia kidato cha kwanza, ubeti wa nane anaoa, na mshororo ule unarudi vilevile. Msikilizaji anahisi uzito wa miaka bila kuambiwa ni mingapi.

Kuna na jambo la pili, ambalo ni la Mombasa hasa. Huku kwetu shairi ni jambo la kujibizana. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga akiwajibu washairi wa miji mingine na akingoja kujibiwa, na desturi hiyo imeendelea hadi kwenye kurasa za magazeti na vipindi vya redio. Mwenye kuulizwa kwa shairi akinyamaza, watu wanauhesabu unyamavu wake. Ndiyo sababu naona shairi la aliyetoweka tumelipanga rafu isiyo yake. Tumeliweka pamoja na maombolezo, na mahali pake ni pamoja na mashairi ya maswali. Sayyid Abdallah aliuliza wako wapi akijua jibu. Mtoto huyu anauliza yuko wapi bila kujua, na anamwuliza mtu anayejua, maana katika kutekwa daima yupo anayejua. Nchini Argentina, tangu mwaka 1977, akina mama wa Plaza de Mayo walizunguka uwanja mbele ya ikulu kila Alhamisi wakiuliza swali moja. Sisi tuna chombo cha kuuliza kilichokomaa kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Msidhani mambo haya ni mageni katika mji huu. Mwaka 1837, Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipoitia Mombasa mkononi, viongozi wa Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, walikamatwa kwa hila wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Ndugu zao wakatawanyika Gasi na Takaungu. Muyaka alikuwa hai. Watu hao angalau majina yao yalihifadhiwa, hadi katika historia ya ukoo iliyoandikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Ng'ambo ya pili, Kisauni, kuna kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake, masalio ya Freretown, kijiji ambacho wamisheni walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa watoto. Kwa mama aliyebaki kando ya Ziwa Nyasa, mtoto yule alitoka akapotea bila maelezo, na hakuna aliyempelekea mama huyo habari kwamba mwanawe anasoma Mombasa. Tungo tulizorithi kutoka mji huu katika karne ile zilitungwa zaidi na waungwana, na mama huyo hana utenzi. Nalisema hilo kama upungufu wa kweli wa turathi ninayoisifu. Kisa cha Yaakubu kilikuwapo, kilisomwa, kilinakiliwa, na hakikufunguliwa kwa ajili yake.

Majirani zetu wa asili ya magharibi ya Kenya, ambao ni wengi kuanzia Changamwe hadi hapa, wananiletea pingamizi jingine, na nalipenda kwa sababu linatoka katika desturi hai. Waluhya huweza kuzika mgomba badala ya maiti isiyopatikana, na Wajaluo huzika tunda la yago. Waislamu wengi nao wanayo sala ya ghaibu. Kumbe jamii zetu zinajua kumaliza msiba bila mwili. Kwa nini basi shairi likatae kumaliza? Jibu langu ni kwamba desturi hizo zinafuata uamuzi. Ukoo hukaa, huridhika kwamba mtu amekufa, ndipo shimo likachimbwa. Mashua imezama, watu waliiona, mwili haukutoka: hapo mgomba una haki yake, na utenzi wa maombolezo pia una haki yake. Familia ya aliyetoweka ikifikia uamuzi huo yenyewe, mshairi na awatungie maombolezo kwa moyo wote. Anachokatazwa ni kuwatangulia.

Limebaki lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba baadhi ya waliotoweka walishukiwa kwa mabaya, na kwamba kuwatungia ni kuwasafisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama. Kifungu cha 25 kinaiweka amri ya kumleta mtu mbele ya hakimu miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Haki hizo ni za mshukiwa kabla hazijawa za mwema. Shairi linalouliza mtu yuko wapi halisemi alikuwa malaika. Nawashauri hata mpunguze sifa: mtoto anayeandika kwamba baba alikuwa mkali, kwamba alitoka nyumbani wakiwa wamegombana, anaaminika zaidi kuliko anayetuletea mtakatifu. Mwenye hatia ana mtoto pia, na mtoto huyo anastahili kujua.

Kenya ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweshwa kwa Nguvu mwezi Februari 2007, na haijauridhia. Kila tarehe 30 Agosti dunia inawakumbuka waliotoweshwa. Nawaomba washairi wa Miritini, Jomvu, Mikindani na Changamwe mtunge kwa ajili ya siku hiyo, na walimu muwaachie wanafunzi wenye swali hili nyumbani kwao nafasi ya kuliandika wakitaka, bila kuwalazimisha wafunge kwa dua ya maiti. Tungeni kwa vina na mizani, wekeni kibwagizo cha swali, takeni ruhusa ya familia kabla ya kutaja jina, kisha zipelekeni tungo hizo redioni na magazetini, mahali ambapo mwenye jibu atazisikia.